Antena ndogo za laptopu, simu na vifaa vya mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mafundi, wanafunzi na wabunifu wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria wanaounda au kurekebisha vifaa visivyotumia waya: kifuatilia-boti, kipima joto cha sanduku la samaki, ruta ya kubebeka, laptopu iliyobadilishwa kioo. Vipimo vilivyotajwa ni vya kuanzia kazi. Vya mwisho utavipata kwenye kifaa chako mwenyewe, kikiwa kimefungwa ndani ya boksi lake, betri na nyaya zote zikiwa mahali pake.

Kwa nini antena haipungui kama chipu zinavyopungua?

Kwa sababu inatawaliwa na urefu wa wimbi, na wimbi halijali teknolojia yako ni ya mwaka gani. Gawanya 300 kwa masafa ya MHz, upate urefu wa wimbi kwa mita. Kwenye 2450 MHz wimbi lina milimita 122, na robo yake ni karibu 31. Kwenye 5500 MHz robo ni milimita 14 tu. Ukishuka hadi 900 MHz robo inafika milimita 83, na kwenye 433 MHz ni 173.

Antena ya kawaida ni waya wa urefu huo wa robo. Unaweza kuikunja, kuipindapinda au kuizungushia kauri, na bado ikaitikia masafa yaleyale. Gharama yake ni upana wa bendi na ufanisi. Harold Wheeler aliandika kuhusu mipaka hii mwaka 1947, na L. J. Chu akaiwekea hesabu mwaka 1948. Chukua tufe dogo kabisa linaloweza kuizunguka antena yako. Kwenye 2450 MHz, tufe la nusukipenyo cha milimita 10 linaruhusu, hata kwa antena isiyopoteza nguvu yoyote, upana wa karibu asilimia 7.6, yaani kama MHz 185. Lipunguze hadi milimita 5: upana unashuka hadi asilimia 1.1, MHz 28 hivi. Bendi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz ina upana wa MHz 83.5. Kwa hiyo antena ya ukubwa huo, ikisimama peke yake, haiwezi kuifunika bendi nzima, labda ile nguvu iishie kuwa joto.

Vifaa vidogo vinawezaje basi? Vinaazima ubao. Graundi ya ubao wa saketi, yaani tabaka lake pana la shaba, ni nusu ya pili ya antena, na mara nyingi ndiyo inayorusha sehemu kubwa ya mawimbi. Mengi yaliyo hapa chini yanatokana na jambo hilo moja.

Nianze na aina gani ya antena?

Kwa kifaa cha 2.4 GHz chenye nafasi ya milimita 30 kwa 10 pembeni mwa ubao, chora antena yenye umbo la F iliyogeuzwa kwa shaba ya ubao wenyewe. Haina bei ya ziada, haivunjiki, na unaweza kuirekebisha kwa kisu. Huu ndio ushauri wetu wa kwanza kwa anayeanza.

Antena ya kichipu cha kauri inafaa pale nafasi ilipobana sana, lakini inadai eneo tupu lisilo na shaba kuizunguka, na wengi hawalitoi. Antena ya filamu inayonata, yenye kebo nyembamba na konekta ya U.FL, ni nzuri kwa boksi la plastiki, kwa sababu unaihamisha hadi mahali pazuri bila kuchora ubao upya. F iliyogeuzwa ya bamba, ile inayosimama juu ya graundi kama paa dogo, ilitumika sana kwenye simu za zamani. Inasaidia pale nyuma ya antena pana chuma au mwili wa mtu. Kwa boksi la chuma tupu, kata mwanya kwenye chuma chenyewe na uulishe kama antena, au toa antena nje kwa konekta ya SMA. Hakuna njia ya tatu.

Nipeni vipimo vya kuanzia vya F iliyogeuzwa ya 2.4 GHz kwenye FR-4.

Ubao wa FR-4 (ule wa kawaida wa saketi, wa nyuzi za kioo) wenye unene wa milimita 0.8 hadi 1.6. Mkono mlalo uwe na urefu wa jumla wa milimita 24 hadi 26, na kimo cha milimita 5 hadi 7 kutoka ukingo wa graundi. Upana wa mstari ni milimita 1. Mguu wa kwanza unashuka moja kwa moja hadi graundi. Mguu wa pili, ambao ndio mlisho (mahali redio inapoungwa), uwe milimita 3 hadi 5 kutoka ule wa kwanza. Chini ya eneo hilo lote ondoa shaba kwenye tabaka zote, za kati pia ikiwa ubao una tabaka 4. Iweke antena kwenye kona au ukingo wa ubao. Katikati hapafai.

Umbali kati ya miguu miwili ndio unaobadilisha impidansi, yaani ukinzani ambao redio inaukuta kwenye antena: ukiisogeza karibu inashuka, ukiitenganisha inapanda. Urefu wa mkono ndio unaobadilisha masafa. Kimo kinatoa upana wa bendi, hivyo ukikibana hadi milimita 3 utaona bonde la kipimo (masafa ambayo antena inayapokea vizuri) likiwa jembamba.

Kwenye mfano wa kwanza uache mkono ukiwa mrefu kwa milimita 2 au 3 kuliko hesabu. Kukata ni rahisi, kuongeza ni shida. Kila milimita 1 unayokata inapandisha masafa kwa karibu MHz 90 hadi 100, kwa hiyo kata nusu milimita, pima, kata tena. Ukifika kwenye masafa unayotaka ubao ukiwa nje ya boksi, bado hujakata vya kutosha: plastiki ya boksi itayashusha tena.

Graundi inatakiwa iwe kubwa kiasi gani?

Kwa 2.4 GHz, ubao wenye upande mmoja wa milimita 40 au zaidi unatosha. Tatizo kubwa liko chini ya 1 GHz. Kifuatilia-boti chenye ubao wa milimita 50, kinachotakiwa kushika mtandao wa simu kwenye 800 au 900 MHz, kinaanza na hasara ambayo antena yoyote ya kununua haiifuti. Simu janja zina faida kwa sababu mwili wake una urefu wa milimita 130 hadi 160, karibu na nusu ya wimbi kwenye masafa hayo.

Ukiwa na ubao mfupi una mambo matatu ya kufanya. Urefushe hata kama nusu yake ni shaba tupu. Ubao wa milimita 100 unabadilisha hali kabisa. Au tumia antena ya nje ya aina ya dipoli, ambayo haitegemei graundi ya ubao. Au ukubali ufanisi mdogo na kutuma taarifa ukiwa karibu na mnara tu. Usitegemee waya wa betri ukusaidie. Kweli unafanya kazi kama graundi, lakini ukitikisika boti ikipigwa na mawimbi, antena nayo inahama.

Soma pia karatasi ya vipimo ya antena ya kichipu kwa makini. Ufanisi ulioandikwa pale umepimwa kwenye ubao wa majaribio wa mtengenezaji, ambao mara nyingi ni mkubwa kuliko wako. Ukubwa wa ubao huo umetajwa kwenye karatasi hiyohiyo, na wengi wanauruka.

Mstari wa kutoka redio hadi antena uwe na upana gani?

Kwa omu 50 kwenye FR-4 yenye graundi chini yake: karibu milimita 3 kwa ubao wa 1.6, milimita 1.9 kwa ubao wa 1.0, milimita 1.5 kwa ubao wa 0.8. Kwenye ubao wa tabaka 4 ambao graundi iko milimita 0.2 chini, ni kama 0.37. Kikokotoo kilichomo ndani ya KiCad kinatoa hesabu kamili. Mstari mfupi kuliko milimita 3 kwenye 2.4 GHz haudhuru hata ukikosea upana. Mrefu wa milimita 20 unadhuru.

Nimetumia moduli ya ESP32 (redio ndogo ya Wi-Fi), Wi-Fi yangu inafika mita chache tu. Kwa nini?

Angalia ncha ya moduli yenye shaba iliyopindapinda, ambayo ndiyo antena. Mtengenezaji anataka ncha hiyo itokeze nje ya ukingo wa ubao wako, au iachiwe milimita 15 zisizo na kitu kila upande. Kosa tunaloliona mara nyingi ni graundi iliyomwagwa chini yake yote, au betri ya 18650 iliyofungwa mgongoni mwake kwa mpira. Ondoa kimojawapo, upime tena kabla ya kununua moduli mpya.

Kuoanisha ni nini, na ninafanyaje?

Ni kuifanya antena ionekane kama omu 50 mbele ya redio, ili nguvu isirudi. Kwenye mchoro wa ubao acha nafasi tatu za vipande vidogo vya ukubwa wa 0402 karibu kabisa na mlisho: kimoja kwenda graundi, kimoja katikati ya mstari, kingine kwenda graundi. Nafasi hizo ziache hata kama unaamini hutazihitaji.

Anza kwa kuweka rezista ya omu 0 katikati na kuacha mbili za pembeni wazi. Pima kifaa kikiwa kimefungwa. Kwanza rekebisha urefu wa antena hadi bonde la S11 (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, kwa desibeli, dB) likae karibu na katikati ya bendi. Baada ya hapo tu ndipo uweke indakta na kapasita, kwa kawaida kati ya 0.5 na 10 za nanohenri au pikofaradi. Wanaoanza na vipande kabla ya urefu hupata bonde zuri lenye upana mdogo, kisha wanashangaa kifaa cha pili kikitoka tofauti na cha kwanza. Kwenye 5 GHz hata pikofaradi 0.1 inaonekana, kwa hiyo nunua kapasita ambazo thamani yake haipotoki sana na indakta za waya zenye upotevu mdogo.

Usikimbilie namba kubwa. S11 ya dB -6 maana yake robo ya nguvu inarudi, hasara ya dB 1.25. Kwenye dB -10 inarudi sehemu moja ya kumi, hasara ya dB 0.46. Kutoka dB -10 hadi dB -30 unaokoa chini ya nusu desibeli, kiasi ambacho mtumiaji hatakiona maishani. Antena za simu kwenye bendi za chini huridhika na dB -6 au hata mbaya kidogo kuliko hapo. Muda huo utumie kwenye ufanisi.

Ninahitaji vifaa gani vya kupimia, na nipime vipi?

Unahitaji VNA, kifaa cha kupima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. NanoVNA ya kwanza kabisa inapima hadi 900 MHz, na kwa kunyoosha hadi 1500 MHz, hivyo haifai kwa Wi-Fi. NanoVNA V2 inafika 3 GHz na inatosha kwa 2.4. Kwa 5 GHz tafuta LiteVNA, inayofika juu ya 6 GHz. Kwa kuiga kwenye kompyuta kabla ya kuchonga ubao, openEMS ni ya bure na inafanya kazi vizuri kwa antena za ubao. Inadai subira kujifunza, nayo inalipa.

Hatua za kupima ni hizi. Chukua kebo nyembamba ya milimita 1.13 yenye SMA upande mmoja. Upande wa pili uchune, waya wa kati ubaki wazi milimita 2 tu, si zaidi. Kabla ya kulehemu kwenye ubao, sawazisha kipimo (calibration) kwenye ncha hiyo hiyo: kwanza ikiwa wazi, kisha waya wa kati ukiwa umeunganishwa na ganda kwa tone fupi la lehemu, kisha rezista mbili za omu 100 zikiwa sambamba, ambazo kwa pamoja ni omu 50. Ukisawazisha kwenye SMA peke yake, kebo iliyobaki inazungusha picha kwenye chati ya Smith (mchoro wa impidansi) na vipande utakavyochagua vitakuwa vya uongo.

Sasa lehemu waya wa kati kwenye mlisho na ganda la kebo kwenye graundi karibu kabisa na hapo. Ondoa rezista ya omu 0 au katisha mstari wa kwenda kwenye redio, la sivyo utapima redio na antena kwa pamoja. Ilaze kebo juu ya graundi na itokee upande ulio mbali na antena. Vika shanga 3 au 4 za feraiti karibu na ubao. Kisha ishike kebo kwa vidole na usogeze mkono taratibu: mchoro ukicheza, kebo yako imekuwa sehemu ya antena na kipimo hakiaminiki. Kwenye vifaa vidogo chini ya 1 GHz hili hutokea karibu kila mara.

S11 yangu ni nzuri sana, lakini kifaa hakifiki mbali. Tatizo liko wapi?

S11 inakwambia nguvu haikurudi. Haikwambii ilikwenda wapi. Rezista ya omu 50 ina S11 nzuri kuliko antena yoyote, na hairushi chochote.

Njia ya bei ndogo ya kukadiria ufanisi ni ile ya kofia ya chuma aliyoipendekeza Wheeler. Antena inafunikwa kwa kopo, mawimbi yanazuiwa kutoka, na nguvu inayopotea baada ya hapo ni ile inayogeuka joto ndani ya antena. Kwa 2.4 GHz kopo liwe na nusukipenyo kinachozidi milimita 20, lakini kipenyo kisizidi sana sentimita 7, kwa sababu kopo pana linaanza kuitikia lenyewe ndani ya bendi yako. Kopo la nyanya la gramu 400 liko karibu na hapo, kwa ubao mdogo unaoingia. Pitisha kebo kwenye bamba la shaba, lehemu ganda lake kwenye bamba, kisha lifunike kopo juu na ulikandamize liguse kote.

Pima S11 nje ya kopo na ndani ya kopo. Tuseme nje ni dB -15, yaani asilimia 3 inarudi, na ndani ni dB -2, yaani asilimia 63 inarudi. Toa 3 kwenye 63, upate 60. Gawanya kwa 97. Ufanisi ni karibu asilimia 62, na kwa antena ya ubao hiyo ni kazi nzuri. Ukipata asilimia 15, tafuta mahali pa joto: gundi, plastiki, mstari mwembamba mno, indakta dhaifu. Ukiona mkunjo wa ghafla kwenye mchoro ndani ya kopo, hilo ni kopo linaitikia. Badilisha kopo.

Jaribio la nje bado ni la lazima. Linganisha kifaa chako na kingine unachokijua, mahali palepale, kwa kimo kilekile, ukikizungusha pande 8 na kuchukua wastani. Usifanye hivyo kati ya majabali ya Capri Point wala uani penye uzio wa mabati. Mawimbi yanayoakisiwa yatakupa tofauti ya dB 10 kwa kusogea hatua moja, ukadhani antena moja ni bora. Uwanja wa mpira usio na watu ni maabara nzuri.

Boksi linaathiri vipi?

Plastiki iliyo milimita 1 au 2 kutoka kwenye antena ya 2.4 GHz inashusha masafa kwa makumi ya MHz, wakati mwingine 100. Hilo linarekebishika kwa kukata mkono. Plastiki nyeusi yenye kaboni nyingi ni jambo jingine: inakula nguvu. Kuijaribu, weka kipande chake kwenye maikrowevu pamoja na glasi ya maji kwa sekunde 30. Kikiwa cha moto kuliko plastiki nyeupe iliyowekwa nacho, kiache. Rangi za kung'aa za kimetali na stika za foili nazo ziepuke juu ya antena.

Kwa kazi za ziwani, maji ndiyo adui. Dielektriki ya maji ni karibu 80, ya plastiki nyingi ni 2 hadi 4. Utando wa matone juu ya kifuniko unatosha kuihamisha antena iliyo chini yake, kwa hiyo acha hewa ya milimita 5 au zaidi kati ya antena na ukuta wa boksi, na ukuta huo uwe wima ili maji yateleze. Ndani ya maji, 2.4 GHz inapenya sentimita chache tu.

Kipima joto cha sanduku la samaki kina fumbo lake. Barafu iliyoganda vizuri inapitisha mawimbi bila shida kubwa. Maji ya barafu iliyoyeyuka yanazuia, na sangara mwenyewe ni maji kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana kifaa kinafanya kazi vizuri asubuhi pale mwaloni Kirumba, kisha kinapotea mchana njiani. Weka kitambuzi cha joto chini kwa waya, antena iwe kwenye kifuniko.

Na silikoni ya kuziba: ile yenye harufu kali ya siki inatoa asidi inapokauka na inakula shaba na lehemu. Tumia ya aina isiyo na asidi. Ukipaka vanishi ya kulinda ubao, pima antena baada ya kupaka.

Antena za laptopu ziko wapi, na zinaharibika vipi?

Laptopu nyingi za plastiki zinazo juu ya kioo, kushoto na kulia, kwa sababu huko ni mbali na ubao mama na mbali na mapaja ya mtumiaji. Zenye mwili wa alumini huzificha nyuma ya ukanda wa plastiki karibu na bawaba au kwenye mwanya uliokatwa kwenye chuma. Kebo mbili nyembamba, mara nyingi nyeusi na nyeupe, zinapita ndani ya bawaba hadi kwenye kadi ya Wi-Fi.

Bawaba ndipo zinapofia. Bawaba iliyolegea inabana kebo, ganda lake linakatika upande mmoja, na mtandao unakuja na kupotea kifuniko kikifunguliwa au kufungwa. Ukisogeza kifuniko huku ukitazama nguvu ya mtandao utalijua hilo ndani ya dakika moja.

Konekta ndogo zinavaliwa. U.FL imetengenezewa kuunganishwa kama mara 30 tu. Kadi za zamani zinatumia U.FL, kadi nyingi za M.2 zinatumia MHF4 iliyo ndogo zaidi, na mbili hizo haziingiliani. Ukilazimisha unavunja ya kwenye kadi. Ibonyeze wima, usikie mlio, usiiingize kwa mshazari. Kebo ya milimita 1.13 inapoteza kama dB 3 kwa mita kwenye 2.4 GHz na zaidi ya hapo kwenye 5, hivyo ukibadilisha usiweke ndefu na kuizungusha ndani. Kabla ya kufunga kioo kipya, hakikisha hujabandika ukanda wa foili juu ya antena na kwamba graundi ya antena inagusa fremu kama ilivyokuwa.

Wi-Fi ya laptopu inakufa nikichomeka diski ya nje. Ni antena?

Antena ni nzima. USB 3.0 inatoa kelele zinazoangukia moja kwa moja kwenye 2.4 GHz. Tumia kebo fupi yenye ganda zuri, hamisha diski upande ulio mbali na bawaba, au hamia bendi ya 5 GHz.

Kwa mbunifu, funzo ni kwamba antena nyeti inasikia pia saa ya prosesa, kebo ya kioo na chaja ya jua. Pima kelele inayoingia kwenye antena kila kitu kikiwa kimewashwa, kabla ya kulaumu shaba.

Antena mbili ziwekwe umbali gani?

Kwa Wi-Fi ya antena mbili lenga utengano wa dB 15 au zaidi kati yake. Nusu ya wimbi kwenye 2.4 GHz ni milimita 61, na laptopu inayo nafasi hiyo. Kwenye kifaa kidogo ziweke kwenye kingo mbili zinazokutana kwa pembe mraba, ili moja iwe wima na nyingine ilale. Zikiwa sambamba kwenye ukingo mmoja, kile inachorusha moja kinamezwa na ya pili.

Kwa nini mtandao wa simu hushuka nikiishika, au baada ya kubadilishiwa mfumo wa chaji?

Mkono unakula nguvu na pia unashusha masafa ya antena. Mfano uliojulikana dunia nzima ni iPhone 4 ya mwaka 2010, ambayo fremu yake ya chuma ilikuwa antena: kiganja kilipoziba mwanya wa chini kushoto, mtandao ulishuka. Simu za sasa zina antena kadhaa na swichi za kuchagua iliyo wazi.

Kuhusu chaji: kwenye simu nyingi antena kuu iko chini, kwenye ubao mdogo wa chaji, na inaunganishwa na ubao mama kwa kebo nyembamba. Fundi akibadilisha ubao huo na kebo isibonyezwe vizuri, simu inashika mtandao karibu na mnara tu. Kagua pia vijimguu vya springi vinavyogusa kava ya nyuma. Kava isiyo ya asili mara nyingi haina shaba pale vinapogusa.

Stika za kubandika nyuma ya simu ili kuongeza mtandao zinafanya kazi?

Hapana. Kipande cha foili kisichounganishwa na redio kinaweza kuihamisha antena na kuishusha.

Ziwani, antena ndogo itafika umbali gani?

Kimo kinaamua kuliko aina ya antena. Upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya vimo viwili kwa mita. Antena ya mita 2 kwenye boti na mnara wa mita 30 kutoka usawa wa maji vinaonana hadi kilomita 28 hivi. Mnara ulio juu ya kilima unaongeza hapo.

Lakini kabla ya kufika huko, maji tulivu yanaakisi wimbi, na wimbi lililoakisiwa linafika likiwa limegeuka na kulifuta la moja kwa moja. Kwa umbali mkubwa matokeo yake ni wazi: ukiongeza kimo mara mbili unapata dB 6. Kifaa kilicho kwenye sakafu ya mtumbwi, nusu mita juu ya maji, kikipandishwa kwenye mlingoti wa mita 2 kinapata kama dB 12. Hakuna antena ya mkononi itakayokupa kiasi hicho. Kwa wavuvi wa dagaa, nguzo ya taa inafaa, ila kebo ya antena iwe mbali na nyaya za taa na kibadilishaji chake cha umeme.

Angalia pia namba za bendi kabla ya kununua moduli au laptopu iliyotumika kutoka nje. Vifaa vya soko la Marekani mara nyingi havina bendi ya 20, ya 800 MHz. Antena yake inaweza kuwa nzuri kabisa huku redio haisikii mnara wako.

Kuna viwango vya usalama na vibali?

Kwa nguvu ya redio inayofyonzwa na mwili, Marekani inaruhusu wati 1.6 kwa kilo, wastani wa gramu 1 ya mwili. Ulaya wati 2 kwa kilo, wastani wa gramu 10. Kifaa cha kuvaliwa au kushikwa karibu na kichwa kipimwe na maabara. Kwa Tanzania, kifaa kinachorusha mawimbi kinahitaji idhini ya aina kutoka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kabla ya kuuzwa, na kila bendi ina kiwango chake cha nguvu kinachohesabu redio na antena kwa pamoja. Kwa hiyo amua antena mapema: ukiweka yenye mwelekeo mkali baada ya kupimwa, unabadilisha nguvu iliyokwisha kuidhinishwa na unarudi kwenye foleni.